Malalamiko Juu ya Bendi Iliyopiga Bila Mpinzani

CHAMA CHA NGOMA CHA BAGIKA
TAWI LA IGOMA, MWANZA
14 Agosti 1995

Kwa Ndugu Afisa Utamaduni,
Mwanza.

Ndugu Afisa,

YAH: OMBI LA KUFUTA MATOKEO YA ONYESHO LA BENDI YA RADI KAVU LA JUMAMOSI, TAREHE 5 AGOSTI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kama masikio yanauma kwa ajili ya vipaza sauti vya kampeni, pole sana. Sisi huku Igoma ni wazima isipokuwa heshima yetu, ambayo ndiyo imenifanya nishike kalamu.

Mimi ni Masele Ng'washi, mwalimu mstaafu, umri miaka hamsini na minane, mwenyekiti wa chama hiki tangu mwaka 1976. Naandika kukuomba utamke kwa maandishi, na kwa muhuri, kwamba onyesho la bendi ya roki iitwayo Radi Kavu, lililofanyika kwenye uwanja wa mpira wa hapa mjini, halikuwa shindano halali. Muhuri huo nauhitaji kabla ya Jumapili tarehe 27, siku ya mkutano mkuu wa chama. Nisipoupata, siku hiyo itanibidi nisimame mbele ya watu nimfukuze mke wangu uanachama.

Nasikia umehamia kwetu mwezi Juni ukitokea Mtwara, kwa hiyo niruhusu nieleze jambo ambalo mtoto wa hapa analijua kabla hajaota meno. Kwa Wasukuma ngoma haichezwi peke yake. Mavuno yakishaingia ndani, Bagika wanasimama upande mmoja wa uwanja na Bagalu upande wa pili. Wote wanaanza saa ile ile, watazamaji wakiwa katikati, na mtazamaji anakwenda kwa yule anayempendeza. Jua likishuka, upande uliobaki na wachezaji wake na mbuzi wawili ndio umeshindwa. Hakuna refa, hakuna rufaa. Miguu ya watu ndiyo kura, na tumepiga kura hizo tangu enzi za babu zetu, wakati Serikali ilikuwa bado haijavigundua vyama vingi.

Nieleze pia nilivyofika kwenye onyesho lile, isije ikadhaniwa kwamba mimi ni mpenzi wa roki. Mwezi wa nne binti yangu Dorotea, ambaye anauza kanda kwenye duka moja la Mirongo, alituletea nyumbani kanda ya Radi Kavu. Niliisikiliza kwa lengo la kumchunguza mtu ambaye siku moja anaweza kuwa mpinzani. Uchunguzi ulichukua miezi minne kwa sababu betri zilikuwa zikiisha nguvu na ilibidi nizianike juani. Hivyo naweza kusema bila upendeleo wowote kwamba upande wa pili wa kanda ni bora kuliko wa kwanza, kwamba gitaa la pili linaingia mapema mno katika wimbo wa tatu wa upande huo, na kwamba huko kuingia mapema ndiko kunakoufanya wimbo uwe vile ulivyo. Haya ni maoni ya kitaalamu.

Tangazo lilipobandikwa kwenye mlango wa mashine ya kusaga, liliandikwa kwamba Radi Kavu kutoka Dar es Salaam wataitikisa Mwanza. Nilitazama chini ya tangazo kutafuta jina la atakayepambana nao. Halikuwepo. Nikadhani karatasi haikutosha. Nikaenda mjini kwa promota wao, Bwana Chenge, naye akaniambia kwa kinywa chake kwamba hakuna mpinzani, wanapiga wao tu. Nilimwonea huruma. Watu wametoka Dar es Salaam, siku mbili kwenye treni, na hakuna aliyewaandalia mtu wa kushindana naye. Ni kama kumkaribisha mgeni, ukampa maji ya kunawa mikono, halafu ukamwambia hakuna ugali.

Kamati yetu ilikaa kikao cha dharura na kukubaliana kwa kauli moja kwamba tuwasitiri. Bwana Chenge hakutuomba, hilo nakiri, lakini mtu mwenye aibu haombi. Tulifika uwanjani saa tisa alasiri, wanachama thelathini na wawili, na ngoma zetu na majembe yetu ya kuchezea. Mlinzi alipoona ngoma akatufungulia geti la wasanii na kutuuliza kama tumeshakula. Nasema hivyo ili ifahamike kwamba hatukuvamia. Jukwaa lao lilikuwa kwenye goli la kaskazini. Sisi tukachukua goli la kusini, tukawasha moto mdogo nyuma ya nyavu ili kukaza ngozi za ngoma, tukakaa kusubiri.

Baada ya utangulizi huo mfupi, malalamiko yetu ni haya yafuatayo:

1. KUPIGA BILA MPINZANI. Ndugu Afisa, Serikali yetu imetufundisha kwa miaka kadhaa sasa kwamba ushindani ndio dawa ya kila kitu. Sabuni ya kufulia ilikuwa moja na haikupatikana; leo ziko za kila aina na nyingine zinatoa povu. Pamba ilikuwa inanunuliwa na ushirika peke yake. Leo inanunuliwa na kila mwenye mizani, na hata wasio na mizani wanakadiria kwa mkono. Oktoba tutapiga kura na mgombea hatakuwa mmoja kama zamani, ambapo tulichagua kati ya picha na kivuli. Katika nchi nzima, kitu pekee kilichobaki chini ya mfumo wa chama kimoja ni onyesho la Radi Kavu. Nashangaa kwamba jambo hilo halijafika Bungeni.

2. KUHESABU. Kabla ya kuanza, kijana mmoja mwenye nywele za kusuka alisimama mbele ya kipaza sauti akasema "moja, mbili," kisha akarudi kwenye moja. Alifanya hivyo mara arobaini na moja. Nimefundisha darasa la kwanza kwa miaka ishirini na sita na sijapata kuona mtu aliyekwama kwenye mbili namna ile mbele za watu. Watazamaji hata hivyo walimshangilia. Naomba iandikwe kwamba huo ni upendeleo.

3. JENERETA. Hili ni zito, nalo naomba ulisome ukiwa umekaa.

Bendi ilianza saa kumi na dakika ishirini. Nasi tukaanza sekunde ile ile, kama sheria inavyotaka. Watu wengi waligeuka kututazama, wakacheka, wakarudi kutazama kaskazini. Hilo ni jambo la kawaida mwanzoni, hata Bagalu huwa wanatangulia. Bwana Chenge alikuja mbio kuuliza sisi ni akina nani. Nilipomwambia kwamba ni mpinzani wake alishika kichwa kwa mikono miwili, nikachukulia kwamba hivyo ndivyo wanavyoshukuru mapromota. Tukawa na watu kama mia mbili, wengi wao wa Igoma na wauza karanga.

Katika wimbo wa tatu umeme ukakatika. Ndugu Afisa, ungekuwepo. Magitaa yalinyamaza yote kwa mara moja, mwimbaji akabaki anafungua na kufunga mdomo kama sato aliyewekwa kwenye mchanga, na katika uwanja mzima kikawa kinasikika kitu kimoja tu, ngoma kubwa ya Ngosha. Ngosha ni mpigaji wetu mkuu, mtu wa maneno machache na mikono mirefu. Watu wakageuka. Kwanza waligeuka vichwa, halafu mabega, halafu wakaanza kuja, kundi kwa kundi, mpaka wale waliokuwa wamebanana kaskazini wakawa wanakimbia kuvuka katikati ya uwanja. Mke wangu Odeta, ambaye ndiye kiongozi wa mstari wa wanawake, alirusha jembe lake juu, likageuka mara mbili hewani, akalidaka kwa mpini huku anatazama kwingine. Nimeliona jembe lile likiruka kwa miaka kumi na tisa na bado nilipiga makofi.

Kwa dakika kumi na nne uwanja wote ulikuwa wetu. Niliwahesabu watu kwa makundi ya hamsini hamsini, nikafika elfu nne na mia tatu. Kwa sheria zote za Usukumani mchezo ulikuwa umekwisha na mgeni alitakiwa afunge mizigo yake, aje atupe mkono. Badala yake Bwana Chenge alileta jenereta. Jenereta hiyo haikuwa kwenye orodha ya wachezaji, haikutambulishwa, na ilikuwa imefichwa nyuma ya jukwaa chini ya turubai. Ingekuwa mpira wa miguu, timu ingenyang'anywa pointi.

4. DAWA YA MVUTO. Jenereta ilipowaka tu, moshi mweupe ulianza kutoka chini ya jukwaa. Haukuwa moshi wa kuni, haukuwa wa tairi, na haukumkohoza mtu. Mimi si mshamba na ninajua kilichokuwa kinaendelea. Kila chama cha ngoma kina samba, yaani dawa ya kuwavuta watazamaji. Sisi tunayo, Bagalu wanayo, na ya Bagalu tunajua imetoka kwa nani. Lakini samba inafukizwa nyumbani, faraghani, kabla ya kutoka, kama mtu anavyooga. Hawa waliifukiza mchana kweupe mbele ya watoto, na kwa mashine. Nilikwenda mwenyewe mpaka nyuma ya jukwaa kumuuliza mwenye mashine dawa hiyo inatokana na mti gani. Alinijibu, "Mzee wangu, ni maji tu na mafuta fulani." Hivyo ndivyo wasemavyo waganga wote.

5. (Lalamiko hili nimelifuta kwa ushauri wa mke wangu, ambaye leo anapita nyuma ya kiti changu mara nyingi kuliko kazi za nyumbani zinavyohitaji.)

6. KUTOTUTUKANA. Katika ngoma zetu mwimbaji humtukana mpinzani wake kwa mashairi, na mpinzani humjibu. Hiyo ndiyo adabu. Nilikuwa nimewatungia beti mbili, kazi ya wiki nzima. Ubeti wa kwanza ulihusu suruali ya mwimbaji wao, ambayo imechanika magotini, na ulikwenda hivi:

Suruali ya mgeni ina madirisha mawili,
magoti yanachungulia kama wapangaji.
Je, kwenu hakuna sindano, au hakuna mama?

Wanawake waliuimba vizuri, kwa sauti iliyofika kaskazini bila umeme. Kisha tukanyamaza kumpa nafasi ya kujibu. Alituonyesha kidole gumba na kupiga makofi juu ya kichwa chake. Tukamwimbia ubeti wa pili, ambao kwa heshima ya ofisi yako siwezi kuuandika. Akatabasamu. Bagalu wamewahi kuniimba pua, wakaniimba baiskeli, wakamwimba marehemu mama mkwe wangu, na sikulalamika kwa maandishi hata siku moja kwa sababu walikuwa wanatutambua. Kumtukana mtu halafu akutabasamie ni kuambiwa kwamba hupo.

7. SALAMU. Hapa nina malalamiko mawili yanayopingana, na yote mawili ni ya kweli.

(i) Alipopanda jukwaani mwimbaji alitusalimia wote kwa pamoja, "Mambo vipi Mwanza!" Palikuwepo wazee pale, nilikuwepo mimi, palikuwepo bibi mmoja wa Kisesa ambaye ameletwa na wajukuu na hajui hata mambo ni nini. Tulikasirika, na hasira hiyo ilitusaidia sana kusimama imara kusini.

(ii) Baadaye alitusalimia vizuri. Ilikuwa baada ya ule wimbo wa tatu wa upande wa pili wa kanda. Muziki ulitulia, kijana akafuta jasho, akatazama mbele kwenye vumbi, akaweka mkono kifuani na kusema polepole kwenye kipaza sauti, "Shikamooni wazee wangu." Ndugu Afisa, huwezi kushindana na mtu aliyekuamkia. Na marahaba haitupwi kama jiwe kutoka ng'ambo ya uwanja; mtu aliyelelewa anasogea ili aitikie macho kwa macho. Wanawake wetu walilelewa. Waliweka majembe chini, wakasogea kuitikia, na walipofika kule wakakutwa na wimbo wa nne. Wapigaji wakawafuata, na hakuna aliyerudi.

Kumwamkia mpinzani katikati ya mchezo ni hila ambayo sijawahi kuiona, na naomba ipigwe marufuku katika mashindano yote ya ngoma Kanda ya Ziwa.

8. MKE WANGU. Saa kumi na mbili kasoro robo nusu yetu ya uwanja ilikuwa na Ngosha, majembe kumi na sita, na moto wa kukazia ngoma. Ngosha alibaki kwa sababu mkanda wa ngoma kubwa umefungwa fundo ambalo hawezi kulifungua peke yake. Mimi wakati huo nilikuwa nikishughulikia mambo mengine ya uongozi.

Sasa katiba yetu, ambayo niliiandika mwenyewe mwaka 1983 kwenye daftari la mistari, inasema katika kifungu cha saba: "Mwanachama yeyote atakayevuka kwenda upande wa mpinzani mchezo ukiendelea, kwa sababu yoyote ile, amejitoa." Maneno "kwa sababu yoyote ile" niliyaongeza kwa wino mwekundu. Mwaka 1988 mpigaji mmoja hodari, Yakobo, alivuka kwenda kwa Bagalu kuomba maji ya kunywa. Aliomba radhi mbele ya kamati akiwa na kikombe mkononi. Nilimsomea kifungu, nikamwondoa, na mpaka leo tukikutana sokoni anaangalia mapapai.

Wanachama wote isipokuwa Ngosha wamevuka, lakini watu thelathini hawawezi kufukuzwa, chama kitabaki daftari. Kamati inataka mmoja tu, aliyetangulia, na watu wote walimwona Odeta yuko mbele. Yule aliyenitia moyo niingie chama hiki, aliyemfundisha kila mwanamke wa Igoma kurusha jembe, aliyecheza na mimba ya Dorotea mpaka mwezi wa saba na mkunga akaja kumtoa uwanjani, ndiye nitakayemsomea kifungu cha saba tarehe 27. Kama ni Yakobo kwa kikombe cha maji, ni vipi yeye asiwe kwa nyimbo nne? Nimekaa na daftari lile siku tisa. Nimeligeuza kila namna, na kila nikiligeuza limeandikwa kwa mwandiko wangu.

9. POLE. Jumatatu iliyofuata Mzee Malimi, kiongozi wa Bagalu, alikuja nyumbani kutupa pole, akiwa na kuku. Alikaa sebuleni saa mbili. Alisema, "Masele, sisi tumeshindwa kukutoa miaka kumi na moja, na vijana wa Dar wamekutoa kwa dakika tisini, pole mzee mwenzangu." Kuku tulimpokea kwa sababu kumrudisha ingekuwa utovu wa adabu, na alikuwa kuku mzuri. Lakini nimeambiwa kwamba Bagalu tayari wana wimbo, na kwamba kiitikio chake kina jina langu.

Kwa kuzingatia hayo yote, naomba ofisi yako itoe tamko kama ifuatavyo:

(a) Kwamba tarehe 5 Agosti hapakuwa na shindano, kwa sababu bendi haikuwa na mpinzani. Na pasipo shindano hakuna upande wa pili, na pasipo upande wa pili hakuna mtu anayeweza kuuvukia.

(b) Kama (a) haiwezekani kwa sababu sisi tulikuwepo, basi itamkwe kwamba shindano lilikuwepo lakini lilikwisha umeme ulipokatika, Bagika wakashinda, na wale waliovuka baadaye walikuwa watu wanaoelekea nyumbani kwa njia ndefu.

(c) Kama (b) nayo ni ngumu, itamkwe kwamba goli la kaskazini na goli la kusini ni upande mmoja wa uwanja. Timu za mpira hubadilishana magoli hayo kila baada ya dakika arobaini na tano, wala hakuna mchezaji anayefukuzwa.

(d) Kwa vyovyote vile, Radi Kavu waitwe tena Mwanza kwa marudiano, safari hii wakiwa wametangaziwa mpinzani, bila jenereta iliyofichwa, bila mashine ya samba, na wakiwa tayari kutukana. Itapendeza kama wataanza na upande wa pili wa kanda wakiwa bado na nguvu, hasa gitaa la pili. Naomba pia anwani yao, kwa ajili ya kumbukumbu za chama.

Ukiona vema, nakala ya tamko ibandikwe mlango wa mashine ya kusaga, pale palipobandikwa tangazo, ili Mzee Malimi aisome akiwa kwenye foleni.

Nakutakia kazi njema. Nisalimie mama na watoto, karani wako wa mashine ya kuchapa, na yule mlinzi wa geti la uwanja kama mnafahamiana, mwambie tulikuwa tumeshakula. Odeta anakusalimu. Ngosha anakusalimu, mabega yanaendelea vizuri.

Wako katika ujenzi wa Taifa na ulinzi wa nusu ya kusini,

Masele Ng'washi
Mwenyekiti

Tanbihi:
Ndugu Afisa, nilikuwa nimeshaifunga bahasha. Odeta ndiye anayekwenda posta kesho asubuhi, naye amesema haipeleki barua mpaka aisome, na baada ya kuisoma amesema haipeleki mpaka niandike yafuatayo. Amekaa mbele yangu, mikono amekunja.

Kwanza, kwamba yeye hakutangulia. Umeme uliporudi mimi nilikwenda nyuma ya jukwaa kuuliza habari ya moshi, hilo ni kweli na nimeliandika. Nilichoacha kuandika ni kwamba sikurudi kwa njia niliyojia. Wakati natoka kule gitaa la pili liliingia, mapema, kama linavyoingia kwenye kanda, na mimi nilikuwa nimelisubiri kwa miezi minne kwa betri za kuanika. Odeta anasema koti nilimpa mtu nisiyemjua. Anasema vijana wawili walinishika mikono na kwamba nilikuwa naruka. Sina ushahidi wa kumpinga.

Pili, kwamba alivuka ili aje anirudishe kabla kamati haijaniona. Yule mwimbaji alipotazama chini akaona mzee mwenye mvi anaruka na mke wake amesimama kando yake, ndipo akasema shikamooni. Salamu ile haikwenda kusini. Wanawake waliobaki wao walisogea kweli kuitikia, wakiona kiongozi wao ameshafika.

Kwa hiyo, kwa kifungu cha saba, na kwa wino mwekundu, mimi nimejitoa chamani tangu tarehe 5, na barua hii umeandikiwa na mtu asiye mwenyekiti wa kitu chochote. Tarehe 27 nitaisoma mwenyewe mbele ya mkutano, kuanzia mwisho. Odeta atabaki na mstari wake.

Nilimuuliza sasa hivi, kama alikuja kunirudisha, mbona hakunirudisha. Alisema, "Baba Dorotea, miaka kumi na tisa kila ngoma nakuona umesimama pembeni unahesabu watu. Siku ile nimekukuta unacheza. Ningekurudisha wapi?"

Maombi (a), (b) na (c) nayafuta. Lile la marudiano naomba libaki, isipokuwa hatutahitaji geti la wasanii, tutakata tiketi mbili.

M.N.